Taa Haijagoma, Amri Imepotea Njiani

"Nyumba imegoma." Ndivyo wenye nyumba janja, nyumba ambayo taa na vifaa vyake vinaamriwa kwa simu, wanavyosema siku ambayo taa ya sebuleni haitii. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Unaacha, unaenda zako jikoni, na huko nyuma taa inawaka yenyewe. Hapo ubishi unaanza: huyu anasema balbu ni mbovu, yule anasema ni intaneti, na wa tatu keshafika ukutani anachomoa kila kinachochomoleka. Saa moja baadaye vifaa vyote vimerudishwa kwenye hali ya kiwandani, vinaoanishwa upya, yaani kuunganishwa tena na mfumo wa nyumba, kimoja kimoja, na hakuna aliyejua tatizo lilikuwa nini. Wiki ijayo linarudi.

Nimeshughulika na vifaa hivi kwa miaka, nyumbani kwangu na kwa jamaa wanaonipigia simu, na naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya usumbufu huu inaepukika. Anayejua amri inapita wapi kutoka kidole hadi balbu anaweza kuipata kasoro kwa dakika chache, hata kama hajawahi kusomea umeme wala kompyuta. Asiyeijua njia hiyo anapapasa tu.

Tuanze na majina. Kidhibiti ni kompyuta ndogo inayosimamia vifaa vya nyumba. Kihisi ni kifaa kinachotoa habari: mlango umefunguka, joto limefika nyuzi 27, kuna mtu amepita. Halafu kuna vifaa vinavyotenda, yaani balbu, swichi, soketi, feni, pazia, kufuli. Na kuna kanuni, yale maagizo unayoyaandika wewe: likitokea hili, fanya lile.

Mfikirie kidhibiti kama karani aliyekaa dirishani. Barua zinamjia kutoka kwa vihisi. Kila barua ikifika, anafungua kitabu cha maagizo alichoachiwa na mwenye nyumba, anatafuta agizo linalohusu barua hiyo, kisha anaandika barua nyingine na kuituma kwa taa au feni. Kila kinachoingia na kinachotoka anakiandika kwenye daftari, pamoja na saa. Daftari hilo lipo karibu katika kila kidhibiti, huitwa kumbukumbu za matukio, na ndilo jambo la kwanza ninalomuuliza mtu anayenipigia. Wengi hawajawahi kulifungua.

Karani huyu ni mwaminifu lakini hakisii. Wako wanaodhani nyumba janja inajifunza tabia za wakazi na kujirekebisha. Vipo vifaa vichache vinavyofanya hivyo, hasa vya kupima na kurekebisha joto, lakini nyumba nyingi zinatenda kile kilichoandikwa tu, neno kwa neno, hata kama mwandishi alimaanisha kingine.

Sasa ifuate amri moja. Chukua taa ya korido inayowaka mtu akipita. Kihisi kinaona mwendo. Kinatuma ujumbe kwa mawimbi ya redio. Ujumbe unasafiri, pengine ukipokezwa na kifaa kimoja au viwili vya njiani, mpaka kwa kidhibiti. Kidhibiti kinapitia kanuni zake, kikikuta inayohusika kinatuma amri kwa taa. Taa inawaka, kisha inarudisha jibu kwamba imewaka. Mambo yakiwa sawa, safari yote hii haimalizi sekunde moja.

Ujumbe ukipotea popote kati ya hapo, wewe uliyesimama koridoni unaona kitu kimoja tu, nacho ni giza. Ndiyo maana watu wanabishana. Dalili ni moja, sababu ni nyingi.

Dawa yake ni kuikata njia katikati. Usianze na kihisi, wala usianze na balbu. Fungua ukurasa wa kidhibiti chenyewe, itafute ile taa, iwashe kwa mkono. Ikiwaka, nusu nzima ya pili ya safari haina kosa: redio ya kidhibiti, njia ya kwenda kwenye taa, balbu, umeme wake. Achana nayo. Sasa pita mbele ya kihisi huku daftari la matukio liko wazi. Likiandika kwamba mwendo umeonekana, kihisi na redio yake wamejitetea, na mshukiwa amebaki mmoja, kanuni. Majaribio mawili, umefika. Na kama taa haikuwaka hata ulipoiamuru kwa mkono, hakuna haja ya kusoma kanuni hata moja. Kasoro iko kwenye redio, kwenye umeme au kwenye balbu yenyewe.

Nasisitiza hili kwa sababu desturi ya kurudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani inafuta ushahidi. Kuzima kidhibiti na kukiwasha tena hakuna ubaya mkubwa, ingawa huko nako kuna jambo nitalieleza. Lakini kukifuta kabisa ni kuchoma daftari la karani na kumwachisha kazi siku hiyo hiyo, kisha kumwajiri mgeni asiyemjua mtu yeyote nyumbani. Fanya badiliko moja, jaribu, angalia, ndipo ufanye la pili.

Redio, na kwa nini jirani wa taa ana umuhimu

Zamani hapakuwa na redio kabisa. Mfumo wa X10, uliobuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Uskoti, ulipitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba, kwa mawimbi ya kilohezi 120. Kila kifaa kilipewa herufi moja kati ya 16 na namba moja kati ya 16, kwa hiyo anwani zilikuwa 256. Ulikuwa ubunifu mkubwa, lakini vifaa vyake vingi havikujibu. Kidhibiti kilituma "washa", kikaandika "imewaka", basi. Kama chaja au televisheni ilikuwa inatia kelele kwenye nyaya na amri ikamezwa humo, karani hakujua.

Vifaa vya leo vinajibu, lakini ugonjwa ule haujaisha wote. Hali unayoiona kwenye simu, kwamba taa imewaka au imezimwa, ni kile ambacho kidhibiti kinaamini. Mtu akizima taa janja kwenye swichi ya kawaida ya ukutani, taa imekatiwa umeme na haiwezi kutuma hata neno la kuaga. Karani anaendelea kuamini barua ya mwisho aliyopokea. Ndiyo maana simu inakuambia taa inawaka huku umekaa gizani.

Na kuna hasara nyingine kwenye hiyo swichi ya ukutani, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko yote niliyowahi kukutana nayo. Z-Wave na Zigbee, mifumo miwili ya redio iliyoenea sana katika vifaa vya nyumbani, inafanya kazi kwa kupokezana. Kumbuka watu wanaozima moto kwa ndoo: wamepanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, kila mmoja anampa mwenzake. Kifaa kilichounganishwa kwenye umeme wakati wote kwa kawaida kinasimama kwenye mstari na kupokeza ndoo za wengine. Kifaa cha betri hakisimami. Kinalala ili kutunza betri, kinaamka kutuma habari zake, kinalala tena. Sasa mtu akizima balbu ya korido kwa swichi ya ukutani, amemtoa mtu mmoja katikati ya mstari. Kihisi cha chumba cha mwisho, kilichokuwa kikituma ndoo zake kupitia balbu hiyo, kinanyamaza. Mwenye nyumba anabadilisha betri ya kihisi, ananunua kihisi kipya, anakitukana kihisi, kumbe kosa liko koridoni.

Kwa hiyo wanaosema vifaa vikizidi mtandao unalemewa wamesema nusu. Vifaa vya umeme wa ukutani vinauimarisha mtandao wa aina hii, mradi havizimwi. Soketi janja moja iliyowekwa katikati ya nyumba inaweza kukiokoa kihisi cha mbali kuliko antena yoyote. Mipaka ipo, naam: mtandao wa kawaida wa Z-Wave unabeba vifaa 232, na ujumbe wake unapokezwa na vifaa visivyozidi vinne njiani. Nyumba chache zinafika huko.

Mahali pa kifaa nako kuna maneno. Sanduku la chuma, ukuta wa zege lenye nondo, tangi la maji, jokofu, vyote hivyo vinameza mawimbi. Kioanishe kifaa pale pale kitakapokaa kama mfumo wako unaruhusu, maana kikioanishwa mezani kisha kikahamishiwa chumba cha nyuma kitaanza maisha kikijaribu njia isiyokuwepo tena.

Zigbee inatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo pia ya Wi-Fi. Ina chaneli 16, kuanzia namba 11 hadi 26, na chaneli moja ya Wi-Fi inafunika kadhaa za Zigbee kwa mpigo. Ruta nyingi, yaani vile visanduku vinavyosambaza Wi-Fi nyumbani, hukaa kwenye chaneli ya Wi-Fi namba 1, 6 au 11. Chaneli za Zigbee 15, 20 na 25 zinaangukia kwenye nafasi zinazobaki. Ikiwa vifaa vyako vinapotea hasa jioni, wakati kila mtu nyumbani anatazama video, chunguza hapo kwanza. Lakini fahamu kwamba ukihamisha chaneli, vifaa vingine vitafuata na vingine itabidi uvioanishe upya, kwa hiyo usiifanye kazi hiyo usiku wa manane ukiwa umechoka.

Jambo moja dogo limenishangaza kwa jinsi linavyoumiza watu: redio ya Zigbee inayochomekwa moja kwa moja kwenye mlango wa USB 3.0 wa kompyuta. Milango hiyo ikiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2012. Tiba ni waya wa kurefusha USB, nusu mita au mita moja, unaoitoa redio mbali na kompyuta. Nimeona mtandao uliokuwa unapoteza vifaa kila siku ukitulia kwa waya huo tu.

Z-Wave iko masafa ya chini, karibu megahezi 868 Ulaya na megahezi 908 Marekani, hivyo haigombani na Wi-Fi. Ubaya wake ni kwamba kifaa cha eneo moja hakisikii kidhibiti cha eneo jingine, hata kama vinafanana kwa sura na jina. Soma namba ya masafa kabla ya kuagiza.

Z-Wave ina tabia nyingine inayowachanganya wengi. Kifaa kinapojiunga na kidhibiti, kinabaki cha kidhibiti hicho hadi kiondolewe rasmi. Ukinunua swichi iliyotumika, ukaioanisha mara kumi ikakataa, huenda haina ubovu wowote. Bado inajihesabu kuwa ya nyumba ya zamani. Weka kidhibiti chako kwenye hali ya kuondoa, bonyeza kitufe cha swichi, ngoja uthibitisho, ndipo uioanishe. Ndiyo, kidhibiti chako kinaweza kukiondoa kifaa ambacho hakikuwahi kuwa chake. Kinyume chake nacho kina madhara. Kifaa kilichong'olewa ukutani na kutupwa bila kuondolewa rasmi, jina lake linabaki kwenye orodha. Karani anaendelea kumwandikia marehemu barua na kungoja jibu, na barua za walio hai zinakaa foleni. Nyumba inayochelewa sekunde tano kuitikia swichi mara nyingi ina marehemu wawili watatu kwenye orodha yake.

Wi-Fi haihitaji maneno mengi. Vifaa vingi vya nyumbani vinajua gigahezi 2.4 tu, na simu yako ikiwa kwenye gigahezi 5 wakati wa kuoanisha, kazi inaweza kukwama bila maelezo ya maana. Na ruta hugawa anwani upya mara kwa mara. Kama kidhibiti chako kinamtafuta mtu kwa anwani ya jana, hakitamkuta. Ingia kwenye ruta, kipe kila kifaa anwani isiyobadilika.

Utasikia pia kuhusu Matter, iliyotolewa Oktoba 2022 na muungano wa Connectivity Standards Alliance, ambao hadi mwaka 2021 ulijulikana kama Zigbee Alliance. Watu wanaidhania kuwa redio mpya. Matter ni lugha, na inasemwa juu ya Wi-Fi, juu ya waya wa mtandao, au juu ya redio iitwayo Thread. Thread na Zigbee zimejengwa juu ya kiwango kimoja cha redio, IEEE 802.15.4, lakini hazielewani, kama watu wawili wanaopaza sauti barabara moja kwa lugha mbili. Kuwa kwenye masafa mamoja hakutoshi.

Kanuni: hapo ndipo kosa la mwandishi linapoonekana

Kanuni nzuri ina vipande vitatu. Kichocheo, yaani tukio linaloiamsha. Sharti, yaani hali inayotakiwa iwepo. Na kitendo. "Mwendo ukionekana" ni kichocheo, "ikiwa jua limezama" ni sharti, "washa taa" ni kitendo. Karibu kila kanuni mbovu niliyowahi kuisoma imechanganya kichocheo na sharti.

Tofauti yake ni ya kengele ya mlango na mtu aliyesimama mlangoni. Kengele inalia mara moja, kisha imekwisha. Mtu anaweza kuendelea kusimama saa nzima. Katika vidhibiti vingi, kichocheo "joto likizidi nyuzi 28" kinalia pale joto linapovuka 28 kwenda juu, mara hiyo tu. Umeme ukikatika wakati chumba kina nyuzi 27, ukarudi joto likiwa limefika 30, kuna uwezekano kidhibiti hakikuona mvuko wowote, na feni haitawaka mchana kutwa. Mwenye nyumba anaapa kwamba kanuni ilikuwa inafanya kazi jana. Ni kweli. Tiba ni kuongeza kichocheo cha pili, kidhibiti kinapowaka, kisha kuliweka joto pia kama sharti. Hilo ndilo nililosema nitalieleza kuhusu kuzima na kuwasha. Hata hesabu za muda zilizokuwa zinaendelea mara nyingi hupotea kidhibiti kinapozimwa: taa iliyotakiwa izime baada ya dakika kumi inakesha.

Hapo hapo kwenye joto, usiwashe na kuzima kwa namba moja. Feni ikiwashwa juu ya 28 na kuzimwa chini ya 28, itapigana na sehemu ya kumi ya nyuzi hadi swichi yake ichakae. Washa kwenye 28, zima kwenye 26.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kisa kimoja. Mama alikuja kunitembelea, na usiku wa kwanza akatoka bafuni na uso uliokunjamana. "Mwanangu, taa yako hii inanifukuza." Nikamwambia, "Pole Mama, kihisi kimeelekea vibaya, nitakigeuza." Nikakigeuza. Usiku wa pili ikamzimikia tena, akiwa na sabuni usoni. Ndipo nikafungua daftari, na lilikuwa limeandika hivi:

20:14:07 mwendo umeonekana
20:14:07 taa ya bafu imewashwa
20:16:40 mwendo umeonekana
20:18:22 mwendo umeonekana
20:19:07 taa ya bafu imezimwa

Kihisi hakikuwa na kosa lolote. Kilimwona Mama mara tatu, ya mwisho sekunde 45 kabla ya giza. Kanuni yangu ilisema: mwendo ukionekana washa taa, ngoja dakika tano, zima. Toka 20:14:07 hadi 20:19:07 ni dakika tano kamili. Mwendo wa katikati ulifika kwa karani akiwa tayari ameanza kuhesabu, akaupuuza, kwa sababu sikumwambia aanze hesabu upya. Marekebisho yalikuwa mawili: mwendo mpya uanzishe hesabu upya, na taa izimwe pale ambapo mwendo haujaonekana kwa dakika tano mfululizo. Nilibadilisha mistari miwili, na Mama akaoga kwa amani.

Kisa hicho kina upande wa pili, kwa sababu kihisi chenyewe nacho kina mipaka. Vihisi vingi vya mwendo vinaona mabadiliko ya joto linalosogea, basi. Mtu aliyekaa kimya akisoma haonekani. Mtu anayekuja moja kwa moja kuelekea kihisi anaonekana kwa shida kuliko anayekatiza mbele yake. Na chumba kikiwa na joto linalokaribia la mwili, tofauti inapungua na kihisi kinapofuka. Kwa chumba cha kusomea tumia kihisi cha rada, kinachotambua hata kifua kinachopanda na kushuka, au ongeza muda. Kukinunua kingine cha aina ile ile ni kurudia kosa.

Kuna pia kanuni zinazogombana. Moja inazima taa zote wakati wa kulala, nyingine inawasha taa ya korido mlango ukifunguka, na mlango wa chumba cha kulala ukifunguka usiku nyumba inaanza kuwaka na kuzima. Daftari litakuonyesha amri mbili zinazopingana ndani ya sekunde moja. Vidhibiti vingi huandika pia ni kanuni gani iliyotoa amri. Tafuta jina hilo kabla hujagusa chochote. Ndiyo maana nazipa kanuni zangu majina marefu yanayojieleza. "Kanuni mpya 7" haimsaidii mtu saa nane usiku.

Na saa yenyewe. Kanuni ikitenda mapema au kuchelewa kwa saa kamili, mbili au tatu, eneo la saa limewekwa vibaya. Ikikosea dakika kadhaa, kidhibiti hakijasahihisha saa yake kwenye mtandao. Kanuni za machweo zikikosea, angalia kama umeweka mahali nyumba ilipo, kwa sababu kidhibiti hukokotoa jua kwa latitudo na longitudo. Sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada: saa mbili usiku ni 20:00. Nimewahi kuletewa lalamiko la taa ya nje "inayowaka ovyo usiku wa manane", na kanuni yake ilikuwa imeandikwa 02:00. Mwandishi alifikiri kwa saa zetu, mashine ikasoma kwa saa zake, na taa ikawaka saa nane usiku kama ilivyoagizwa.

Intaneti inasingiziwa, mara nyingine kwa haki

Watu wananiuliza kama wakinunua intaneti ya kasi zaidi taa zitaitika haraka. Hapana. Amri ya kuwasha taa ni ujumbe mdogo sana. Zigbee yote inaenda kwa kilobiti 250 kwa sekunde na inatosha. Swali la maana ni kama amri inatoka nje ya nyumba au la. Kuna mifumo ambayo karani anakaa ndani ya nyumba, na kuna ambayo karani anakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, pengine nchi nyingine, na kila unapobonyeza swichi barua inakwenda huko na kurudi.

Usiulize muuzaji, jaribu mwenyewe. Chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, ruta yenyewe iache ikiwaka, kisha zunguka nyumba nzima ukibonyeza kila kitu. Kinachoitika kiko ndani. Kisichoitika kinaishi kwa hisani ya kampuni. Na kampuni zinafungwa. Tarehe 15 Mei 2016 vidhibiti vya kampuni ya Revolv vilizimwa na Nest, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja iliyokuwa imeinunua Revolv mwaka 2014. Sanduku lililokuwa likifanya kazi vizuri likawa halina kazi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa hivi, zilinyamaza ghafla bila wateja kuambiwa kitu, na waliotegemea programu ya simu wakakwama, hadi kikundi cha watumiaji wake kiliponunua mali za kampuni hiyo na kuziwasha tena mwaka huo huo. Mimi kufuli na taa za ngazi siziweki kwenye seva ya mtu mwingine. Feni ya sebule, hiyo inaweza kungoja.

Mifumo ya ndani ipo, na ya bure. openHAB ilianza mwaka 2010, Home Assistant mwaka 2013, na zote zinakaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwako. Gharama yake ni kwamba wewe ndiye unayewajibika: masasisho, nakala, nywila. Hilo la mwisho ni zito. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani, na Oktoba mwaka huo ikatumika kuangusha tovuti kubwa duniani. Kifaa chenye nywila ya kiwandani kisipewe mlango wa kutoka nje.

Umeme wenyewe nimeuacha nyuma kwa sababu hapa nataka uwe mwangalifu. Swichi ya kawaida inakata waya wa laivu tu, ule unaoleta umeme. Haihitaji umeme kwa ajili yake. Swichi janja ni kompyuta, inahitaji kula hata taa ikiwa imezimwa, na inakula kupitia waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme. Nyumba nyingi za zamani hazina nyutro kwenye sanduku la swichi. Zipo swichi zinazojipatia umeme kidogo kupitia taa yenyewe, na matokeo yake ndiyo ile balbu ya LED inayopepesa au kung'aa kidogo usiku kucha ingawa imezimwa. Haina mashetani, na wala haijaharibika. Kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na taa huupitisha umeme huo pembeni, lakini kazi hiyo mpe fundi umeme, na swichi kuu izimwe kwanza.

Betri nazo hudanganya. Zile bapa za volti 3, za CR2032, hushikilia volti zake karibu sawa kwa muda mrefu kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo kihisi kinaweza kukuonyesha asilimia nzuri leo na kufa kesho kutwa. Siamini asilimia, naamini tarehe. Kwenye kabati langu kuna diski yenye nakala ya kanuni zote, mbali na kadi ya kumbukumbu ya kidhibiti, kwa sababu kadi hizo huchakaa kwa kuandikwa mchana na usiku. Pamoja nayo kuna karatasi: jina la kila kifaa, mahali kilipo, chaneli ya Zigbee, na tarehe niliyobadilisha betri. Mwezi uliopita kihisi cha mlango wa nyuma kilinyamaza. Taa iliitika kwa mkono, daftari halikuandika chochote nilipofungua mlango, na simu ilikuwa ikionyesha betri asilimia 80. Nikaangalia karatasi. Betri ile ilikuwa na miaka mitatu.